Chura wa Baba Haondoki

Novemba 11, 1951

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na kabla udongo haujamaliza kunywa, Bwana Shauri ameamka. Nilisikia mchanga unakwaruza ndani ya chungu kikubwa kilichovunjika shingo, kile tulichokiweka chini ya upenu nyuma ya nyumba. Kikatoka kichwa, halafu tumbo, halafu akakaa juu ya udongo wake, macho yamejaa tope, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Nimecheka peke yangu uani.

Baba yangu alikuwa mchimba visima kule Ziba. Chura huyu alimkuta chini kabisa, amelala kwenye udongo mkavu, mkubwa kama bakuli la mboga, akamleta nyumbani ndani ya kofia yake. Alimpa jina la Bwana Shauri, lile tunalomwita Mzungu wa bomani anayesikiliza kesi, kwa sababu ana tumbo, hatembei ovyo, na anasikiliza kesi ya kila mtu bila kujibu. Kila kiangazi hujifukia ardhini, kila mvua zikianza huamka. Baba alipofariki, kaka zangu waligawana ng'ombe na majembe. Mimi sikuulizwa nataka nini, nikachukua chura.

Mume wangu Modest ni karani wa mizigo pale stesheni ya Tabora. Hataki nilitamke jina hilo kwa sauti, anaogopa wapita njia watapeleka maneno bomani. Jioni nilipomwambia kwamba chura ameamka, alitazama tumbo langu, ambalo sasa halifichiki tena, akasema, "Mwaka huu ingekuwa heri angeendelea kulala."

Nimeandika hapa ili nisimjibu.

Novemba 14

Kumbikumbi wametoka. Sisi tumewakaanga, yeye amekula wabichi. Nyumba nzima imeshiba.

Novemba 23

Leo kisimani nimenyamaziwa. Wanawake walikuwa wanaongea, nilipofika wote wakaanza kutazama ndoo zao. Wakati wa kurudi, Bi Batuli akanivuta pembeni. Bi Batuli ni jirani yangu, ua mmoja tu unatutenganisha, na nusu ya watoto wa mtaa huu wamepokelewa kwa mikono yake.

"Usiniulize nani kasema," akaniambia. "Wanasema mimba yako ya mwaka jana ilitoka kwa ajili ya huyo mnyama. Na hii ikifika salama, wanasema mtoto atazaliwa mdomo umefika masikioni."

"Na wewe unasemaje, Bi Batuli?"

"Mimi sijapata kuona mtoto wa namna hiyo. Lakini nimeona wengi waliokufa bila sababu ya kuonekana, kwa hiyo siku hizi sibishani na mtu."

Mwaka jana nilipolala natoka damu, hakuna hata mmoja wao aliyeniletea uji. Sasa wote wana maelezo. Na yule anayesema zaidi, namjua, analala chumba kimoja na kuku wake, na mwanawe anayetambaa huokota punje palepale kuku wanapojisaidia. Kuku hawana neno. Chura wa Baba, ambaye hajavuka kizingiti changu hata mara moja, ndiye muuaji.

Kalamu inatoboa karatasi. Naacha.

Desemba 3

Nimekwenda kliniki kwa masista. Sista aliyenipima ni Mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake ni kizuri lakini hakina salamu. Aliona udongo kwenye kucha zangu, akauliza nimetoka kufanya nini. Nikasema kweli, nimetoka kubadilisha maji ya chura kwenye karai lake.

"Chura huyo aondoke," akasema.

"Sista, na wewe unaamini mtoto atatoka na mdomo wa chura?"

"Siamini upuuzi. Naamini uchafu. Ngozi yake na maji yake hubeba ugonjwa wa tumbo, hata kama yeye mwenyewe ni mzima. Mjamzito akiupata, anaharisha, anapata homa, na mtoto aliye ndani anaumia. Mtoto mchanga akiupata ni vibaya zaidi."

"Na kuku je?"

"Kuku pia."

"Basi mbona hamuwaambii wenye kuku wawaondoe?"

Alinitazama kidogo. "Tunawaambia wanawe mikono. Hawasikii. Wewe kama huwezi kumwondoa, usimguse kabisa. Mtu mwingine amlishe na abadilishe maji. Maji yamwagwe mbali na kisima na mbali na vyombo vya kulia. Karai lake lisiingie jikoni. Yeyote atakayemshika anawe kwa sabuni mpaka kiwikoni. Na mtoto akizaliwa, wasikutane."

Njiani nilikuwa na hasira kuliko siku ya kisimani, na imenichukua mwendo wote wa kurudi kujua kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na uchawi, sikujiandaa kupigana na sabuni. Yule mama wa kuku ananiambia chura aondoke, Sista ananiambia chura aondoke, na sasa nitaonekana nimeshindwa na wote wawili kwa pamoja. Sikubali. Chura wa Baba haondoki. Lakini kwa ajili ya huyu aliye tumboni, simgusi.

Desemba 4

Modest amepewa kazi ya kumtunza chura. Alimbadilishia maji amevaa viatu vya ofisini, uso ameugeuzia ukutani, mkono ameunyoosha mpaka nikadhani utachomoka. Nikamwambia hajaombwa kumbusu. Akamwaga maji kwenye shimo la takataka, akanawa, akanawa tena, sabuni imebaki nusu.

"Nafanya kwa ajili yako," akasema. "Si kwa ajili yake."

Nimelipenda neno hilo. Sikumwambia.

Desemba 9

Mvua. Modest alitaka kuingia jikoni bila kunawa. Nimemrudisha mlangoni.

Desemba 17

Mama mkwe amefika kwa lori kutoka Igunga. Jina lake ni Katarina, na Modest ndiye mwanawe wa mwisho. Ameleta mchele, jogoo, mkeka mpya wa mtoto na rozari tatu. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yameshafika upenuni.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, Mama."

Alizunguka chungu kwa mbali. Bwana Shauri naye alimtazama, kidevu kinapanda na kushuka. Ndipo Mama akaanza kwa Kinyamwezi, maana kwetu ugomvi wa kweli haufanyiki kwa Kiswahili. Akasema amezaa wengi na amezika wengi, na hakupanda lori siku nzima kwenye matope ili aje kuzika mwingine. Akasema mwanamke mwenye akili huondoa hata jiwe linalosemwa vibaya, sembuse mnyama. Akamuuliza Modest kama yeye ni mwanamume wa nyumba hii au ni mlisha chura.

Modest akasema, "Mama, chai inapoa."

Mwanamume huyu hupanga mizigo ya mabehewa mazima, lakini hawezi kuweka neno moja kati ya mama yake na mke wake.

Desemba 25

Krismasi. Tumemla jogoo. Mama ameniwekea paja kwenye sahani yangu bila kunitazama.

Januari 8, 1952

Kila asubuhi nakuta Mama amezungushia chungu duara la majivu, kinga ya uchawi. Kila asubuhi nafagia. Hatusemeshani juu ya jambo hili. Chura anapiga chafya kwa ajili ya majivu, au nadhani ni chafya.

Januari 10

Majivu.

Januari 15

Leo mambo yamefika mwisho. Nimerudi kutoka sokoni nikakuta upenuni patupu. Mama alikuwa amekaa anachambua mchele, shwari kabisa.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya choo. Pale hakuna mtu atakayemwona."

Nyuma ya choo jua linapiga siku nzima na hakuna kivuli hata cha jani. Nilikwenda. Chungu kilikuwa kimeshapata moto, na yeye amejibana chini, ngozi imeanza kukauka. Sikumgusa, nimelishika sharti hilo. Lakini chungu nilikikumbatia, mimi na tumbo langu la miezi minane, nikakiburuta kutoka chooni mpaka upenuni. Nusu ya njia maumivu yakanikamata kiunoni, nikakaa chini kwenye tope.

Bi Batuli aliruka ua. Mama mkwe naye akaja mbio, mchele umemwagika. Wakaniinua kila mmoja upande wake, wakanilaza. Maumivu yakatulia baada ya muda. Nilikuwa naogopa, sijapata kuogopa hivyo. Nilikuwa nasikiliza kama mtoto bado anacheza, na alipocheza nikalia.

Bi Batuli alisimama mlangoni akatugombeza wote wawili kama watoto wadogo. "Wewe, Mama Modest, unamwogopa chura mpaka unataka kumuua mjukuu. Na wewe, Pelagia, unampenda chura mpaka unataka kumuua mwanao. Mimi naona hapa mtu pekee mwenye utulivu ni huyo aliye kwenye chungu."

Modest aliporudi akaelezwa. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alimwambia mama yake neno. "Mama, chungu kikae kilipo. Nitakitengenezea kifuniko cha matete. Wewe usiguse, na Pelagia asibebe." Halafu akatoka kwenda kutafuta matete kabla sauti haijampotea tena.

Bado nina hasira. Lakini nimekumbuka mchele uliomwagika. Alikuja mbio kweli, mzee yule.

Januari 30

Mvua siku nzima. Miguu imevimba.

Februari 7

Habari zimefika stesheni kwamba Mfalme wa Uingereza amefariki. Bendera bomani iko nusu mlingoti na Modest amerudi amevaa kitambaa cheusi mkononi. Bwana Shauri wetu hana habari, anakula mende.

Februari 20

Juzi nimejifungua. Ni msichana, anaitwa Flavia. Naandika nimeegemea ukuta, mtoto yuko ubavuni.

Tulipanga nizalie kwa masista, lakini kijito cha njiani kilikuwa kimejaa na hata baiskeli haikupita. Bi Batuli akaingia na maji ya moto, jambo la kwanza akamwambia mama mkwe anawe mikono.

"Unanifundisha mimi?" Mama akasema. "Mimi nimezalisha wakwe zangu wote."

"Nawe umenawa kwa majivu asubuhi ukawafungulia mbuzi wangu mchana. Nawa."

Akanawa, akinung'unika. Sabuni ilikuwa ile ya Modest ya chura. Sitasimulia mengine, yameumiza na yamepita. Ila hili naliandika: Mama alipompokea mtoto, kitu cha kwanza alichotazama ni mdomo. Si kwamba ni wa kike au wa kiume, si kwamba anapumua. Mdomo. Akauona mdogo, umekaa mahali pake, akafanya ishara ya msalaba ndipo akasema, "Ni msichana."

Jana wanawake wa kisimani wamekuja kutupongeza. Kila mmoja ameinama kumtazama mtoto mdomo. Yule wa kuku amemtazama mara mbili. Nimewapa chai na nimehakikisha kila aliyetaka kumbeba amenawa kwanza. Wamekasirika. Nimefurahi walivyokasirika.

Februari 28

Leo nimeona jambo ambalo Baba angelipenda.

Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka, na mama mkwe akatandika mkeka karibu na mlango wa nyuma ili ampake mtoto mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasuka nywele. Modest alikuwa amelisha chura kabla ya kwenda kazini na, kama kawaida yake, hakurudisha kifuniko sawasawa.

Mama ndiye aliyemwona nge. Alitoka kwenye kuni zilizolowa, mweusi, mkia juu, akaja moja kwa moja kwenye ukingo wa mkeka, upande wa kichwa cha mtoto. Mama alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa mafuta, na nikaona uso wake umeganda. Mimi niliinuka, lakini nilikuwa mbali. Bwana Shauri akatoka chunguni. Sijui hata kama aliruka au alianguka. Kilisikika kishindo kimoja, ulimi, na nge hayupo, ila mkia unafurukuta kwenye kona ya mdomo wake. Akausukuma ndani kwa mkono, akafumba macho, akameza.

Nilimbeba mtoto, mama mkwe akabaki palepale. Halafu akasema polepole, "Baba yako alimtoa wapi?"

Nikamsimulia habari za kisima. Ni mara ya kwanza mtu wa ukoo huu kuniuliza habari za Baba.

Machi 3

Majivu hakuna. Mama anamkamatia panzi. Anamlisha mwenyewe, anamwita kwa jina lake lote, Bwana Shauri, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na Modest anakunja uso kila akisikia. Nilimkumbusha Mama sabuni, akasema, "Mimi si mtoto. Nanawa mpaka kiwikoni kama alivyosema Mzungu wako." Nimemwona kwa macho yangu, ananawa kweli.

Nimeshinda. Naliandika neno hilo kwa herufi kubwa ndani ya moyo wangu: NIMESHINDA. Leo kisimani nimewasimulia habari za nge kwa sauti, na nikamwambia yule wa kuku kwamba chura wangu ni msafi kuliko watu ninaowajua.

Machi 5

Mvua.

Machi 11

Naandika hospitalini, kwenye benchi. Sijui kama nitaweza kusoma mwandiko huu baadaye.

Flavia alianza kuharisha juzi asubuhi. Kwanza kidogo, halafu kama maji. Jana joto likampanda, akaacha kunyonya, akalia mpaka sauti ikaisha, halafu akawa halii, na hilo ndilo lililonitisha. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Bi Batuli alimtazama mara moja akasema, "Mpelekeni sasa hivi." Modest alitoka stesheni bila kuaga mtu, tukambeba chini ya mwavuli, mama mkwe nyuma yetu bila viatu.

Wanamtilia maji ya dawa mdomoni kwa kijiko kidogo, tone kwa tone. Daktari alituuliza maswali. Mtoto amekunywa nini? Maziwa yangu tu. Maji je? Hapana. Nyumbani kuna mgonjwa? Hapana. Kuna wanyama? Nikasema kuna chura, lakini tumemtenga, tunafuata masharti yote, hakuna anayemgusa mtoto bila kunawa, na kama ni wanyama basi akaulize habari za kuku wa mtaa mzima wanaoingia uani kwangu kila siku bila hodi. Nilikuwa nazungumza kwa haraka na kwa ukali. Nilijisikia namtetea Baba mahakamani.

Ndipo mama mkwe akasema nyuma yangu, "Mimi nilimpeleka."

Tukageuka wote.

"Kwetu aliyemwokoa mtoto, mtoto hupelekwa kwake amguse mgongo. Ndiyo ahsante yake. Awe mtu, awe mbwa. Nilimchukua siku ile wewe umekwenda kisimani. Nikaushika mkono wake nikauweka juu ya chura. Akaanza kulia, nikamwacha anyonye vidole vyake anyamaze."

"Hukunawa?" Modest akauliza. Sauti yake siijui.

"Nilinawa mimi. Kwa sabuni, mpaka kiwikoni, kabla na baada. Yeye sikumnawisha. Ni mtoto, mikono yake haijafanya kazi yoyote. Sikujua kama mikono yake nayo ni mikono."

Nilitaka kumrukia. Naliandika kama lilivyo, nilitaka kumshika yule mzee shingoni palepale mbele ya daktari. Miezi yote hii amemwita chura mchawi, amemzungushia majivu, amempeleka akaungue nyuma ya choo, na siku alipoamua kumpenda ndiyo siku aliyomgusisha mtoto wangu. Angemchukia tu. Angeendelea kumchukia, tungekuwa salama.

Lakini nilikumbuka nilikokuwa mimi. Siku ile nilikuwa kisimani najigamba kwamba chura wangu ni msafi. Na Mama ndiye mtu pekee katika mji huu aliyeona kwamba chura wa Baba anastahili ahsante. Nimekaa na hasira yangu na sijui niielekeze wapi, na mtoto amelala pale hajafumbua macho.

Daktari akasema, "Huenda ni chura. Huenda ni kuku. Huenda ni mikono ya mmoja wetu. Hatutajua. Endeleeni na kijiko."

Tunaendelea na kijiko.

Machi 12

Hajanyonya. Mama mkwe hajala.

Machi 13

Ameshika titi mchana. Amenyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Modest ametoka nje, nimemwona dirishani ameegemea mti, mabega yanatikisika. Namshukuru Mungu na Bikira Maria na kijiko kile.

Machi 17

Tumerudi nyumbani. Flavia mwembamba lakini analia kwa sauti yake yote, na sauti hiyo naipenda.

Modest hakuvua hata koti. Alimpa mama yake mwavuli, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda upenuni. Nilijua anakwenda kufanya nini na nilibaki nimesimama na mtoto kifuani. Mama mkwe ndiye aliyemtangulia. Alisimama mbele ya chungu, mdogo, kanga imelowa.

"Weka hilo jembe."

"Mama, sogea."

"Hakumwita mtoto. Hakumfuata. Nilimpelekea mimi. Ukitaka kumpiga mwenye kosa, mwenye kosa huyu hapa."

Modest akasimama na jembe lake. Bi Batuli alikuwa ametokea kwenye ua. Wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa na maneno yote. Ningeweza kusema daktari mwenyewe hakujua. Ningeweza kuwaonyesha kuku waliokuwa wanapekua miguuni petu wakati uleule, na hakuna aliyewachukulia jembe. Ningeweza kusema bila huyu nge angemchoma mtoto. Yote ni kweli, na nimekuwa nikibishana tangu mvua ya kwanza, naweza kubishana mpaka ya mwisho. Bwana Shauri alikuwa anatazama kutoka chunguni, kidevu kinapanda na kushuka, kama alivyokuwa akimtazama Baba akinoa majembe.

"Aondoke," nikasema.

Nilisikia sauti yangu na nikaichukia. Nikaingia ndani nikalia mpaka mtoto naye akaanza kulia, ikabidi mimi ninyamaze.

Machi 18

Nina hasira na Mama, na Modest, na Sista aliyekuwa na haki, na wanawake wa kisimani ambao sasa watasema walisema. Nina hasira na Baba kwa kufa na kuniachia kitu chenye kupumua badala ya jembe.

Machi 19

Nilidhani Modest atampeleka bwawani akamwache huko, ambako korongo wangemla kabla ya jioni. Lakini leo mama mkwe amekuja kukaa mlangoni kwangu, nje ya kizingiti, anapokaa mtu mwenye ombi.

"Mwanangu, nipe mimi."

"Umpeleke wapi, Mama?"

"Igunga. Nyumbani kwangu hakuna mtoto mdogo, watoto wamenikimbia wote. Kuna kivuli, kuna panzi. Atakaa mpaka huyu ajue kunawa mikono mwenyewe bila kuambiwa. Siku hiyo utakuja umchukue."

"Umekuwa ukimwogopa tangu siku ya kwanza."

"Bado namwogopa," akasema. "Lakini Baba yako hayupo wa kumrudishia, na mimi nipo."

Nimemwambia ndiyo. Halafu nimemwita kwa mara ya kwanza jina ambalo binti humwita mama aliyemzaa, mayu, kwa lugha yetu. Hakuonyesha kama amesikia, ila alichelewa kuinuka.

Machi 22

Mama ameondoka na lori la pamba. Chungu kilifungwa kwa kamba na kifuniko cha matete cha Modest, akakipakata mwenyewe, amekataa kukiweka nyuma na magunia. Utingo alipouliza kuna nini ndani, Mama akamjibu kwa sauti, "Bwana Shauri." Watu wote stesheni ya malori wakacheka, Modest akatazama viatu vyake, kisha naye akacheka. Mimi sikucheka. Upenuni pamebaki duara la udongo mkavu.

Aprili 13

Pasaka. Flavia amebatizwa. Padri kutoka Kipalapala alikuja baadaye kunywa chai nyumbani, na aliponyoosha mikono ambebe mtoto, Modest alimzuia. Mume wangu, ambaye hawezi kumwambia mama yake kwamba chai imekosa sukari. Akashika birika na sabuni akasema, "Samahani, Padri. Hata wewe." Padri akanawa mpaka kiwikoni. Bi Batuli alikuwa kwenye ua anatazama, na nadhani Pasaka hiyo aliifurahia kuliko sisi.

Yule mama wa kuku ameniambia kisimani kwamba amejenga banda. Hakusema kwa nini, na mimi nimejizuia kuuliza, jambo ambalo lilinigharimu.

Mei 4

Mvua zimekwisha. Dereva wa lori la Igunga amepita na salamu. Mama anasema hajambo, mpunga umekuwa mzuri, na mzee wa chunguni amejifukia ardhini salama, akiwa amenenepa. Anasema alikaa naye mpaka udongo ulipoacha kutikisika. Halafu dereva akakuna kichwa, akaona haya kidogo.

"Kuna swali amenituma. Sikulielewa. Anauliza mtoto ameshaanza kunawa?"

Flavia hajaweza hata kukaa. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona machozi yananitoka.

"Mwambie bado," nikasema. "Mwambie amngoje."

Dereva akaondoka. Nilichota maji kwa kata, nikanawa kwa sabuni mpaka kiwikoni, ingawa sikuwa nimeshika kitu chochote. Kisha nikakishika kile kiganja kidogo, nikakinawisha na chenyewe.